Uzi Mweusi Kwenye Shingo ya Chaja

Ilianza Jumamosi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa naitazama pale chini kwenye kona ya kioo cha laptopu, nikipima kama nitamaliza kusoma notisi zangu za Baiolojia kabla mama hajarudi kutoka sokoni. Ndipo kile kitaa cheupe cha ubavuni kikazimika. Hakikupepesa wala nini. Kilizimika tu, na kioo kikafifia.

Laptopu ni ya mama. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Shinyanga mjini, na humo ndimo anamochapia mitihani ya darasa lake. Mtihani wa safari ile ulikuwa umefika swali la kumi na nane na ulitakiwa shuleni Jumatatu. Betri yake ni mgonjwa wa siku nyingi: bila umeme inakaa dakika kumi, ikijitahidi sana kumi na mbili. Mama ananiruhusu kuitumia kwa sharti kwamba mimi ndiye mtunzaji. Naitoa juu ya kabati, naichomeka, nikimaliza nakunja chaja na kuirudisha. Mimi si mtu wa kuongea. Wageni wakija nasema shikamoo, nasikia marahaba, naingia chumbani na kaunta buku langu la kuandikia. Kwa hiyo kazi ile niliipenda. Ilikuwa kazi isiyohitaji mdomo.

Na chaja nilikuwa naikunja vizuri. Baba ni mchimbaji mdogo upande wa Geita, na kamba ndiyo maisha yao kule. Mtu anateremshwa kwenye duara, lile shimo la kuchimbia, akining'inia kwenye kamba ya winchi ya mkono. Nilipokuwa darasa la tatu alinifundisha kukunja kamba kama wanavyokunja wao. Vuta, kaza, laza. Vuta, kaza, laza. Mkunjo wa mwisho unapita chini ya mikunjo yote, unavutwa mpaka kamba ilie. Chaja yetu nilikuwa naizungusha hivyo hivyo juu ya lile kasha lake jeusi kama tofali, na nilikuwa naamini hakuna nyumba mtaa wetu mzima wa Kambarage yenye waya uliolala kama wetu. Baba akiwa nyumbani huiona pale juu ya kabati, anaigusa kwa kidole, anacheka puani. Kwangu hiyo ilikuwa zawadi.

Basi nikaanza kutafuta ubaya uko wapi. Nilizima soketi nikawasha. Nikahamia soketi ya jikoni. Nikachomeka chaja ya simu palepale, simu ikaitikia, maana yake umeme upo na soketi haina kosa. Nikachomoa ule waya wa ukutani kutoka kwenye tofali, nikapuliza, nikaurudisha kwa nguvu. Kitaa cha kijani cha kwenye tofali kilikuwa kinawaka vizuri kabisa. Hapo nikakaa chini nikawaza. Umeme unatoka ukutani. Unafika kwenye tofali. Kwenye laptopu haufiki. Kwa hiyo unapotelea njiani.

Na katika nyumba ya mchimbaji, kitu kikipotea njiani lazima kuna mtu. Baba anapopeleka mawe yake kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, anatembea nyuma ya viroba vyake kama anayesindikiza jeneza. Anashona midomo ya viroba kwa fundo lake mwenyewe. Anasema mawe hayana miguu. Nimekua nikisikia hivyo, na siku ile nilishika waya mkononi nikaanza kuufuata kwa vidole, taratibu, nikitafuta miguu.

Sikwenda mbali. Pale shingoni, mahali waya unapotoka kwenye tofali, palikuwa na uzi. Uzi mweusi, umezungushwa mara nyingi, umebana, mwisho wake umefichwa chini. Waya ni mweusi na uzi ni mweusi, huwezi kuuona kwa macho. Ni kidole kilichouona.

Uzi ule niliujua. Ni uzi wa kusukia nywele. Sisi wanafunzi tumenyoa, lakini nyumbani kwetu yupo mtu anayewasuka akina mama wa mtaani kila Jumapili, na vibunda vyake vya uzi vinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda changu. Kitanda chetu, niseme.

Mtu huyo ni binti wa shangazi yangu. Alikuja mwishoni mwa mwaka jana kutoka kijijini Ushetu, mikono yake ikinuka tumbaku mbichi, na mwaka huu akaanza kidato cha kwanza akiwa mkubwa kuliko mimi niliye cha tatu. Kwao walikuwa wamemwambia shule basi, akae shambani. Baba ndiye aliyekwenda kumchukua. Namwita dada. Sitaandika uongo humu: sikuwa nampenda sana. Si kwamba alinikosea. Ugali wake haukuwa na madonge. Mama alikuwa anasema "huyu mtoto ana mkono mwepesi" mbele yangu, na jirani mmoja alishawahi kumuuliza mama, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, "Mwalimu, na huyu mwingine ni wa nani?" Huyu mwingine nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nilipougusa ule uzi, moyo wangu haukusikitika. Uliruka. Nimemkamata.

Niliingia chumbani nikaandika kwenye kaunta buku. Mistari ile ipo mpaka leo: "Uzi ni wake. Ameharibu akaficha. Juzi nilimkuta sebuleni peke yake akasimama haraka. Tofali lilikuwa la moto wakati mimi sijaitumia. Anajifanya mjinga wa mashine." Nilipigia mstari neno akaficha.

Mama aliporudi nilimwonyesha laptopu imezima. Uzi sikumwonyesha. Aliweka kapu la mboga chini, akajaribu mwenyewe soketi zile zile nilizojaribu mimi, akashika kiuno. "Maswali yangu kumi na nane yamo humo. Leo Jumamosi, mtihani Jumatatu. Mungu wangu."

Baba alikuwa nyumbani tangu Jumanne kwa sababu duara lao lilijaa maji. Alikuwa anarudi Geita kesho yake asubuhi. Aliposikia akaingia kutoka nje alikokuwa anashona viatu vyake, akasema neno moja: "Kaeni."

Tulikaa. Mimi na binti wa shangazi kwenye mkeka, mama kwenye kiti cha karibu na mlango. Baba hakukaa. Akaiweka chaja katikati ya mkeka kama kielelezo cha mahakamani.

"Nani wa mwisho kuishika?"

"Baba watoto," mama akasema, "hapa si mgodini."

"Mgodini tungeshamaliza." Akamgeukia mpwa wake. "Wewe?"

"Mjomba, mimi huwa nafuta vumbi tu."

"Na wewe, mwandishi? Maana wewe kazi yako kuandika, huongei. Umeona nini?"

Hakuna siku baba aliwahi kuniuliza nimeona nini. Masikio yangu yalipata moto. Nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Kuna uzi, baba. Hapo shingoni. Uzi wa kusukia."

Baba akainama. Akapitisha kidole. Kisha akamnyooshea chaja binti wa dada yake. "Uzi huu ni wa nani?"

"Ni wangu, mjomba."

"Umeufunga wewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa nini?"

Binti wa shangazi aliacha kumtazama mjomba wake. Alinitazama mimi. Hakunikazia macho kwa hasira, alinitazama kama mtu aliyekupa mzigo wake ushike kidogo na sasa anausubiri. Mimi nikatazama mkeka. Niliwaza: anatafuta uongo, na uongo umemkwama.

"Sikiliza," baba akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Kule kwetu kamba ikiliwa, husemwa. Ukiona uzi mmoja umekatika, unapiga kelele, kazi inasimama, hata kama mwenye duara anatukana. Mwaka fulani mtu aliona kamba imeliwa, akaifunga kitambaa juu ili asidaiwe nyingine. Aliyeshuka asubuhi ile tulimtoa na kamba ikiwa juu yake. Waya wa mwalimu ni waya tu, utanunuliwa. Lakini mtu anayefunika ufa siwezi kukaa naye nyumba moja na watoto wangu. Kesho napita njia ya Kahama. Tutakwenda wote, nikupandishe gari la Ushetu."

"Baba watoto!" Mama alisimama. "Mtoto yuko katikati ya muhula. Akirudi kule unajua hatatoka tena."

"Najua."

"Nimesikia, mjomba," binti wa shangazi akasema. Akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mchana ule nilitumwa kwa fundi. Baba alinipa hela na maneno. Maneno yalikuwa mengi zaidi. "Mafundi wa siku hizi wanakutoa kizima wanakurudishia kibovu. Weka alama mahali mwizi hatazami. Usiondoe jicho mkononi mwake. Na usiache jiwe lako karashani: kilicho chako, hata kikiwa kibovu, rudi nacho." Nilichukua bikari, nikakwaruza mistari mitatu chini ya tofali, nikatia laptopu na chaja kwenye begi la shule.

Fundi wetu ni mwanamke. Ana meza ya kioo kwenye kibaraza cha duka la mbegu hapa hapa Kambarage, miwani imefungwa kwa mpira, kilemba kimechomwa matundu mawili na chuma cha kuchomelea. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamwambia tatizo kwa maneno machache. Kisha nikasogea mpaka paji langu likakaribia kugusa lake.

"Binti, unanipumulia."

Nikarudi nyuma kidogo. Sikuondoa jicho.

"Hee! Unanikodolea kama mnunuzi anayeangalia dhahabu ikichomwa. Mzazi wako mchimbaji?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nilijua." Akaligeuza tofali, akaona mistari yangu mitatu, akacheka mpaka miwani ikashuka. "Na alama mmeweka! Wabeja, asanteni sana! Wiki iliyopita mmoja ameniletea simu ameitemea mate ndani ili aijue."

Nilitamani kibaraza kipasuke kinimeze. Lakini bado sikumwamini. Niliangalia droo yake imejaa chaja za watu, nikajiuliza ni ngapi kati ya zile ziliachwa na watu waliogeuza macho.

Alianza kwa ule waya wa ukutani, ingawa nilimwambia kitaa cha tofali kinawaka. "Taa ni mwongo wa kwanza," alisema. Akauchomoa, akaweka wa kwake, akaona hakuna tofauti, akaurudisha wangu. Kisha akatoa mita ya kupimia umeme, ile yenye vijiti viwili, chekundu na cheusi. Kimoja akakiingiza kwenye tundu la pini ya chaja, kingine akakigusisha ubavuni. Namba zikacheza. Sifuri. Sifuri. Kumi na tisa na kitu. Sifuri.

"Umeona? Upo, haupo. Mgonjwa anavuta pumzi ya mwisho." Alipinda waya sehemu ya pini, namba hazikubadilika. Akapinda katikati, kimya. Akashika pale penye uzi, akaukunja waya kidogo kushoto, kumi na tisa ikaja ikasimama. Akaachia, ikaanguka.

Nikasema, kwa mara ya kwanza bila kuulizwa: "Hapo ndipo alipopaharibu."

"Nani?"

"Aliyefunga uzi."

Fundi akachukua wembe. Alikata uzi mzunguko kwa mzunguko, akichungulia, kama anayefungua jeraha alilofunga daktari mwenzake. Chini ya uzi ganda la waya lilikuwa limepasuka. Ndani yake shaba ilikuwa imevunjika vipande vipande, vingine vimekuwa vya kijani, vinyuzi viwili vitatu tu ndivyo vilivyokuwa bado vimeshikana.

"Aliyefunga uzi huu," akasema, "nikimpata namwajiri. Angalia. Amefunga kuanzia kwenye tofali kushuka, ameupa uti wa mgongo. Uzi huu una kama wiki mbili, umeshaanza kushika uchafu. Bila yeye waya huu ungekufa wiki mbili zilizopita, au ungewaka moto juu ya meza yenu. Huyu hakuharibu, huyu alikuwa muuguzi."

"Basi nani ameharibu?"

"Anayeukunja."

Akaushika waya uliobaki akauachia hewani. Haukunyooka. Ulibaki na mikunjo yake, midogo, ya kubana, imepangana sawa sawa kama meno. "Waya unakumbuka," alisema. "Kila siku mtu anaunyonga kwenye tofali, anauvuta, na pale pa kwanza pa kuvutwa ni hapa shingoni. Hebu kunja nione nyie nyumbani mnafanyaje."

Akanipa. Mikono yangu ilianza kabla mimi sijakataa. Vuta, kaza, laza. Vuta, kaza, laza. Mkunjo wa mwisho ukapita chini, nikauvuta mpaka ukalia, na katika kulia huko vile vinyuzi vya mwisho vya shaba vikakatika. Tulivisikia wote wawili.

"Haya," fundi akasema. "Muuaji amerudi alipoua."

Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kwenda mbali, wiki mbili nyuma, chumbani kwetu. Nilikuwa nimelala kifudifudi naandika. Binti wa shangazi alisimama mlangoni, tofali mkononi, akasema kwa ile lafudhi yake ya Kisukuma: "Mdogo wangu, hii waya inalia cha cha cha nikiisogeza. Tumwambie mama?" Na mimi, ambaye siku hiyo nilikuwa nimenuna kwa sababu ya yule jirani, nilisema bila kugeuka: "Mtunzaji ni mimi. Niachie." Akasema sawa. Nilikunja usiku ule nikakaza kuliko siku zote.

Kwa hiyo alisema. Kamba ililiwa, akapiga kelele, kwa mtu anayehusika. Asubuhi kwenye mkeka alikuwa ananisubiri nikumbuke.

Fundi alikuwa anaongea. Anasema anaweza kukata na kuunga, lakini ataunga leo kesho utakatika palepale, bora nichukue nyingine. Nilirudia kumshuku kwa nguvu, maana kumshuku yeye kulikuwa nafuu kuliko kufikiria nyumbani. "Nitajuaje si feki?" nikamwuliza.

"Soma." Akaweka mbili mezani, ya kwetu na ya kwake. "Volti hapa, kumi na tisa na nusu. Na hapa?"

"Kumi na tisa na nusu."

"Ampea?"

"Ya kwako imezidi kidogo."

"Ikizidi si neno, laptopu itanywa inachohitaji. Ikipungua ndiyo nimekuibia. Pini?" Nikalinganisha tundu na tundu, sindano ya katikati na sindano ya katikati. Zikalingana. Nikatoa laptopu, nikaichomeka, kitaa cheupe kikawaka. Nikasubiri. Nikawasha, nikasubiri tena mpaka betri ikapanda asilimia tano, na yeye akawa anamhudumia mteja mwingine akinitupia macho na kutabasamu.

Nikamlipa, na nilipokuwa naondoka alinyoosha mkono achukue chaja ya zamani aiweke kwenye droo. Nikaishika.

"Waya mfu huo. Utaupikia nini?"

"Baba amesema nirudi nacho."

"Chukua, chukua. Ila hiyo mpya," aliniita nikiwa nimeshashuka kibarazani, "ikunje kama unavyofunga kanga, si kama unavyofunga mbuzi!"

Nilifika nyumbani jua linaelekea kuzama. Mama aliichomeka, akaona swali la kumi na nane liko pale pale lilipoachwa, akanikumbatia bega. Baba alikuja akasimama nyuma yangu.

"Fundi kasemaje?"

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Nilikuwa nimeipanga njia yote. Nikasema: "Amesema waya umekatika ndani."

"Penye uzi?"

"Penye uzi."

Akatikisa kichwa, akanigusa kichwani kwa kidole kama anavyoigusa chaja. "Umeona? Ukikaza jicho hawakuibii." Kisha: "Kamfungie dada yako mzigo wake. Funga ninavyofunga mimi, usije ukafunguka kwenye buti la gari."

Hakuna nilichodanganya. Hilo ndilo lililonitisha. Kila neno lilikuwa la kweli na yote pamoja yalikuwa kitambaa juu ya kamba.

Chumbani alikuwa ameshapanga. Nguo kwenye kiroba, kopo la uzi juu yake. Vitabu vyake vya kidato cha kwanza alikuwa ameviweka upande wangu wa kitanda, vimefunikwa kwa magazeti, kona zimenyooka.

"Hivi viache hapa," alisema. "Kule panya."

Nilipiga magoti nikaanza kufunga mdomo wa kiroba. Nilikuwa namshuku hata pale: kwa nini hanitukani? Kwa nini halii? Labda ananitega. Labda ameshamwambia mama, na wote wanangoja waone nitafanya nini. Nikauliza bila kuinua macho, "Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Nilikwambia wewe."

"Nimekumbuka."

"Basi. Kusema mara ya pili mbele ya watu ni kushtaki. Nikushtaki kwenye nyumba ya baba yako, halafu usiku nilale kitanda chako?" Alicheka kidogo, akapunguza sauti. "Tena nilifikiri waya utadumu mpaka likizo. Uzi wangu ni mzuri."

Nilivuta fundo. Nilikaza. Nilifunga vizuri kabisa, aibu yangu yote imo kwenye fundo lile, kwa sababu mtu anayejuta hafungi vizuri hivyo. Halafu nikatoka kwenda kula.

Asubuhi, Jumapili, baba alikuwa mezani na chai na viazi vitamu, kofia kichwani, viroba viwili mlangoni: chake na cha binti wa shangazi. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mgongo kwetu. Binti wa shangazi alikuwa amevaa gauni lile alilokuja nalo.

Nilikuwa nimeipanga tena sentensi yangu na nilijua haitatoka. Kwa hiyo sikuileta sentensi. Nilileta chaja ya zamani. Nilisukuma sahani ya viazi pembeni, nikaiweka mbele ya baba, na nikaanza kuikunja. Vuta. Kaza. Laza. Polepole, ili aone. Mkunjo wa mwisho ukapita chini. Nilipovuta, waya ulitoka wote kwenye tofali, ukabaki mkononi mwangu.

Baba aliacha kutafuna.

"Ni mimi," nikasema. "Ndivyo ninavyoikunja kila siku. Fundi amesema kukaza ndiko kumekata. Uzi wake ulikuwa unaushikilia. Na aliniambia, baba. Wiki mbili zilizopita aliniambia waya unalia. Mimi ndiye niliyefunika. Na jana jioni nikafunika tena."

Alichukua ule waya. Aliutazama mwisho wake, zile ncha za kijani, kwa muda kama anaotumia kutazama jiwe. Kisha, nadhani bila kujua, vidole vyake vikaanza kuuzungusha kwenye tofali: vuta, kaza, laza. Akaviona. Akavisimamisha.

"Na mwalimu wake wa kukunja ni nani, baba watoto?" mama akauliza, bado ametupa mgongo.

Baba alisukuma chaja pembeni. Alivuta kikombe cha pili, akamimina chai, akaongeza sukari mwenyewe, akakisukuma upande wa pili wa meza. "Mayu," akamwambia binti wa dada yake, na kwa Kisukuma huko ni kama kumwita mama. "Kaa unywe. Mimi nitachelewa gari."

Kwangu alisema, akiwa ameshasimama: "Kwenye duara langu wewe usingeshuka tena. Tutaongea nikirudi." Niliona ni haki.

Alipoondoka na kiroba chake begani, nilikikokota kile kingine mpaka chumbani nikakaa nacho sakafuni. Fundo lilikataa. Nilijaribu kucha, nikajaribu mpini wa kijiko. Binti wa shangazi alisimama mlangoni na kikombe chake, akaniangalia.

"Kata tu, mdogo wangu. Kanisani tutachelewa."

"Sikati," nikamwambia, nikaliingiza fundo mdomoni, nikaanza kulilegeza kwa meno.